Kuhamia Maskati kikazi: mwongozo wa anayedhani anakwenda Unguja ya pili

Siku yangu ya nne Oman nilikuwa juu ya paa la nyumba moja Al Khuwair, mtaa wa Maskati, nimeinamia mashine ya nje ya AC, jasho linashuka mpaka ndani ya buti. Kulikuwa na nati iliyoota kutu. Nikawa naisemesha kama tusemavyo sisi mafundi tukishindwa: "Toka basi, mwanakwetu, toka." Mara sauti ya kike ikapanda kutoka uani: "Nani huyo anaibembeleza nati yangu kwa Kiswahili?"

Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Nikashushwa, nikatengewa chai ya iliki na vitumbua, nikaulizwa mimi mtu wa wapi. Niliposema Tanga akapiga kofi la furaha. Usiku ule nikampigia mama: "Mama, huku ni nyumbani tu, watu wamebadili kanzu."

Hapo ndipo nilipokosea. Makosa yangu mengine yote ya mwaka ule yalitoka kwenye sentensi hiyo. Wenzangu wa kambi ya wafanyakazi waliotoka Nepal na Bangladesh walifika wakijua wako ugenini, kwa hiyo waliuliza kila kitu. Mimi sikuuliza, nilidhani najua. Mwongozo huu ni kwa anayekwenda na dhana kama yangu.

Kufanana kwenyewe kuna sababu. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilivuka bahari, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki walirudi na elimu, wakaingia maofisini na hospitalini. Ndiyo maana utakisikia Kiswahili mpaka kwenye foleni ya benki. Ila mwenye Kiswahili hicho ni Mwomani mwenye nchi yake. Wewe ni mfanyakazi mgeni mwenye kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Yashike yote mawili tangu siku ya kwanza.

1. Mkataba kwanza, begi baadaye

Usilipe chochote kabla ya kuona mkataba, na usiuone juu juu. Ada ya kibali cha kazi ni ya mwajiri kisheria. Wakala akikwambia uchangie "gharama za viza", muulize kwa nini, kisha umwangalie anavyojibu. Tanzania, ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wakala huyo ameandikishwa. Kenya, ulizia Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Dakika kumi za kuuliza zinatosha.

Ukishaupata mkataba, angalia haya kwa utaratibu huu.

Jina la kazi. Ofa yangu ya Kiingereza ilisema fundi wa AC. Mkataba wa Kiarabu ulisema *amil*, yaani kibarua. Niligundua nimeshafika, na nilikaa miezi mingi nikibeba mashine ambazo wengine wanazifunga. Mkataba rasmi ni wa Kiarabu, na kazi iliyoandikwa humo ndiyo inayokwenda kwenye kadi yako ya ukaazi. Mtafute mtu anayejua Kiarabu cha mikataba. Ustadhi wa madrasa ya mtaani, kwa heshima zote, anaweza kuisoma Kurani vizuri sana na asijue neno la sheria ya kazi.

Mshahara wa msingi. Utaambiwa jumla: mshahara, posho ya chakula, posho ya nyumba, posho ya usafiri. Jumla inapendeza. Lakini kiinua mgongo hupigiwa hesabu kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo mkataba wenye msingi mdogo na posho nono unakupunja mwishoni. Jua pia kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Oman, rial 325 kwa mwezi, ni cha raia. Cha kwako ni kile kilichoandikwa.

Saa na likizo. Sheria mpya ya kazi ya 2023 inaweka saa nane kwa siku na 40 kwa wiki, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na majaribio yasiyozidi miezi mitatu. Mkataba ukisema majaribio miezi sita, usiishie kukikataa kipengele hicho. Jiulize na vingine vyote walivyoviandika.

Dada zangu mnaokwenda kazi za ndani, nawasemea pembeni kwa sababu hali yenu si yangu. Wafanyakazi wa majumbani hawaguswi na sheria hiyo ya 2023, wana kanuni zao, na kanuni hizo ni nyembamba zaidi. Kwenu mkataba ndiyo karibu kinga yote. Usisafiri bila nakala yenye saini, na nakala nyingine iachwe kwa mtu nyumbani. Andika na namba ya ubalozi wetu Maskati kwenye karatasi, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Jambo la mwisho hapa: usikubali kupelekwa kwa viza ya matembezi ati "utabadilishiwa huko huko". Mwishoni mwa Oktoba 2023 Polisi ya Kifalme ya Oman ilisimamisha utaratibu huo wa kugeuza viza ya matembezi kuwa ya kazi ukiwa ndani ya nchi. Anayekuahidi hivyo anakuuzia tiketi ya kwenda kujificha.

2. Vyeti na vipimo

Hii ni kazi ya miguu na subira, haina ujanja. Kwa Tanzania, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa vinahakikiwa RITA, wakala wa usajili. Vyeti vya sekondari vinakwenda NECTA, baraza la mitihani, vya chuo kikuu TCU, tume ya vyuo vikuu. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Oman Dar es Salaam. Cheti cha tabia njema unakipata polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Fuata mfuatano, kwani ubalozini hawagongi muhuri juu ya karatasi ambayo wizara haijaigonga.

Majina yafanane kila mahali. "Mohamed" kwenye pasipoti na "Muhammad" kwenye cheti cha ufundi cha VETA ni wiki mbili zimepotea.

Vipimo vya afya vya nchi za Ghuba hufanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, na wanaangalia kifua kikuu, VVU na homa ya ini pamoja na mengine. Ukifika utapimwa tena. Kwa hiyo usiuze shamba wala kuacha kazi kabla majibu ya hapa hayajatoka.

3. Wiki ya kwanza

Kadi ya ukaazi ndiyo ufunguo. Bila hiyo akaunti ya benki huna, laini ya simu ya kudumu huna. Msumbue mtu wa utawala wa kampuni kwa adabu kila siku mpaka ipatikane.

Pasipoti ni yako. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia bila ridhaa yako ya maandishi, na hapo ndipo penye mtego: siku ya kwanza unapewa rundo la fomu kumi za Kiarabu usaini, na ridhaa hiyo inaweza kuwa mojawapo. Sema, "Nitasaini kesho, nataka nisomewe." Nilipiga picha kila karatasi kabla ya kusaini, na picha zile zimeniokoa mara mbili.

Pesa zitakuchanganya. Rial moja ina baisa 1,000, na ndiyo, neno hilo ni ndugu wa pesa yetu. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Niliona juisi imeandikwa 0.800 nikajua ni bure, kisha viatu 12.500 nikashtuka nikifikiri ni elfu kumi na mbili na mia tano. Rial moja ni kama dola mbili na senti sitini za Marekani, na thamani hiyo imefungwa kwa dola, haipandi wala kushuka. Siku za mwanzo kila bei utaigeuza kuwa shilingi na utalala na njaa. Baada ya mwezi inaisha.

Magari yanapita kulia. Sitasema mengi: unapovuka, tazama kushoto kwanza, na usiamini shingo yako, imezoea kinyume.

Simu za sauti za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi. Waambie nyumbani mapema, wasije wakafikiri umewakimbia, na uulize wenyeji ni programu zipi zinaruhusiwa.

4. Utamaduni wa kambini si wa Kiarabu

Hakuna aliyeniambia hili. Nilijiandaa kuishi na Waomani, nikajikuta chumba cha vitanda sita, Mhindi wa Kerala, Wabangladeshi watatu, Mnepali na mimi. Lugha ya kazi ilikuwa Kihindi, au tuseme Kiurdu cha kuokoteza ambacho kila mtu anakivunja kwa namna yake. Kiarabu changu cha madrasa kililala sandukuni.

Habari njema ni kwamba unakijua kidogo tayari. Gari, duka, rangi, chapati, pesa: yote utayasikia, yamepinda kidogo tu. Ongeza *pani* kwa maji, *jaldi* kwa haraka, *bhai* kwa kaka. Kuwa makini na *kal*, ambayo ni jana na pia ni kesho. Nilisubiri gesi iliyoletwa jana kana kwamba inakuja kesho.

Jikoni ndiko kunakoleta ugomvi. Ulizia zamu ya jiko kabla ya kupika. Kuna wasiokula ng'ombe, kuna wasiogusa nyama kabisa, na sufuria zao ni zao. Mimi nilichemsha samaki kwenye sufuria ya Mhindu asiyekula nyama. Hakunigombeza. Aliiweka nje ya mlango, hakuitumia tena, na hakunisemesha wiki nzima. Nikamnunulia nyingine. Tangu hapo ndiye aliyenifundisha Kihindi.

5. Kazini: saa, joto na inshallah

Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki, na hilo ni jepesi. Gumu ni namna ya kuzitaja. Msimamizi wetu alikuwa Mwomani wa mama wa Pemba, anachanganya Kiswahili na Kiarabu kama mtu anayesonga ugali. Akaniambia, "Kesho saa mbili uwe Seeb kwa mteja." Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na ngazi yangu. Yeye alikuwa na saa mbili ya Kiarabu kichwani, yaani saa nane mchana kwetu. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta saa sita nzima, kisha nikagombezwa kwa kutojibu simu ya kazi nyingine. Tangu siku hiyo namwambia: "Niandikie kwa tarakimu." Usione haya kuuliza. Kadiri mtu anavyojua Kiswahili ndivyo hatari hii inavyozidi, maana kwa Mpakistani ungeuliza tu.

Mwisho wa wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi barabara ni tupu mpaka baada ya swala.

Inshallah ikifuatana na tarehe, ichukue kama ahadi. Isipofuatana na tarehe, mara nyingi umeshakataliwa kwa heshima, na kumkumbusha mtu kila siku ni kumlazimisha akukatae kwa ukali. Ukitaka jibu, mpe nafasi ya kuchagua: "Niende Jumapili au Jumatatu?"

Mgomvi haheshimiwi. Kupaza sauti mbele za watu kunakuangusha wewe, hata kama haki ni yako. Na matusi yana bei ya kisheria, yawe ya mdomo, ya kidole barabarani au ya ujumbe wa simu. Kundi la WhatsApp la kazini si kijiwe. Kuhusu Sultan na serikali, nyamaza kabisa.

Sasa joto. Juni mpaka Agosti kazi za mahali pa wazi zinasimamishwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, kwa amri ya serikali. Fomeni anayekuharakisha umalizie paa saa saba anakuvunjia sheria, na una haki ya kushuka. Ilaze spana kwenye kivuli. Iliyoachwa juani dakika kumi inaacha alama kiganjani, ninayo mpaka leo. Kunywa maji kabla ya kiu, tia chumvi kidogo kwenye chakula, na ukiona jasho limekauka huku joto lipo, shuka mwenyewe, usisubiri kushushwa.

Ramadhani Muislamu hufanya kazi saa sita kwa siku. Asiyefunga, ajue kwamba kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa la jinai kwa kila mtu, hata ndani ya gari lako.

6. Kwenye nyumba za watu

Hapa sasa malezi ya pwani yanakulipa. Waomani hupiga *hud, hud* kabla ya kuingia, wewe una hodi yako tangu utotoni. Ipige mlangoni, ipige tena kwenye ngazi, na ipige kabla ya kutokeza kwenye paa linalotazama uani kwa watu. Fundi asiyebisha hodi anawakuta wanawake hawajajisitiri, na hata kama hakuna atakayemgombeza, hataitwa tena. Vua viatu bila kuambiwa. Mwanamke usimpe mkono mpaka autoe yeye.

Salamu ni ndefu na usizikate. Habari, hali, watoto, wazee, habari tena. Ukiingia na "AC gani mbovu?" umeanza vibaya. Kwa wazee wa Kiswahili, sabalkheri na masalkheri zinapokelewa vizuri, na shikamoo kwa bibi haijawahi kunitupa. Ila kijana wa miaka 25 anayejibu kwa Kiarabu hata baada ya kukusikia, mwache na Kiarabu chake. Huenda Kiswahili ni cha bibi yake, si chake.

Ukikaribishwa, kaa. Kuna matunda, tende, halua, kisha kahawa ya iliki kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kipokee kwa mkono wa kulia. Kitajazwa tena na tena, robo robo, mpaka ukitikise kidogo kukirudisha. Sikujua. Nilikunywa vikombe tisa siku ya kwanza nikidhani kukataa ni utovu wa adabu, na mtoto aliyekuwa akimimina alikuwa ananitazama kwa huruma.

Swali la 1964 usilianzishe wewe. Nyumba nyingi zina mtu aliyezikwa au mali iliyoachwa nyuma ya habari hiyo, na wewe umetoka upande wa pili wa maji. Bibi wa Al Khuwair aliniambia mwenyewe, mwezi wa tano, bila kuulizwa, akiwa anapepeta mchele. Nilisikiliza. Sikuwa na la kusema, na nadhani hakutaka niseme.

7. Upendeleo wa ndugu

Tulipozoeana, mwanawe alinipigia: "Njoo Ijumaa, kuna mashine tatu kwa dada yangu. Tutamalizana wenyewe." Nikaenda. Nani angemkataa mtoto wa bibi? Nikalipwa vizuri na kupewa biriani ya kubeba.

Kumfanyia kazi mtu asiye kafili wako bila kibali ni kosa, kwako na kwake. Ijumaa ya pili mwenzetu wa kampuni aliliona sanduku langu la vifaa getini. Nilipewa barua ya onyo, na nikaambiwa wazi kwamba barua inayofuata itakuwa tiketi. Kosa lilikuwa langu, silitupii mtu mwingine.

Mara ya tatu nilimwambia bibi mwenyewe, si mwanawe: "Bibi, mimi mkono wa kampuni. Nikipanda paa lako bila karatasi, nitashukia kwenye gari la polisi." Akacheka. Kisha akapiga simu ofisini, akasema anataka mashine zake zote zihudumiwe kwa mkataba wa mwaka, na aje yule kijana wa Tanga. Baada ya hapo yule dada mwenye mashine tatu naye akapiga. Hapo ndipo ofisini walipoanza kunijua kwa jina, na jina la kazi yangu likabadilishwa mkataba ulipofanywa upya.

Kwa hiyo ukiombwa, usiseme hapana tupu. Mwelekeze ndugu yako ofisini, aombe upelekwe wewe.

8. Pesa za kutuma

Usitaje mshahara wako nyumbani kwa rial, wala kwa shilingi. Taja kiasi utakachotuma kila mwezi, na kiwe kile kile. Linganisha maduka mawili matatu ya kubadilisha fedha, uangalie ada pamoja na kiwango cha kubadilishia, kwa sababu duka lisilotoza ada mara nyingi limejilipa kwenye kiwango. Mshahara uingie benki, hata ukiambiwa mkononi ni haraka zaidi: taarifa ya benki ndiyo ushahidi wako siku ya mgogoro, na malalamiko huanzia Wizara ya Kazi.

Kodi ya mapato binafsi hakuna kwa sasa. Imepitishwa sheria ya kuianza mwaka 2028, asilimia 5 kwa anayezidi rial 42,000 kwa mwaka. Mafundi wenzangu, tulale.

9. Kuhama na kuondoka

Tangu Januari 2021 huhitaji tena barua ya kutopingwa na mwajiri wa zamani ili uende kwa mwingine mkataba wako ukiisha. Wapo waajiri wanaojifanya hawajasikia. Wakumbushe kwa upole, ukiwa na nakala ya mkataba mkononi.

Ukiondoka kabisa, lipa faini zote za barabarani na mkopo wa benki kwanza, kwa kuwa deni linaweza kukusimamisha uwanja wa ndege. Dai barua ya utumishi yenye jina sahihi la kazi. Tiketi ya kurudi ni ya mwajiri. Halua ya kupeleka nyumbani ifungwe kwenye begi kubwa, ya mkononi watakunyang'anya. Na akaunti ya benki ifunge baada ya kiinua mgongo kuingia, si kabla.